Walinzi wa Meza ya Pili

Wifi yangu alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, mdomo umejaa misumari, pale aliponigutusha. Aliitema misumari kiganjani kwanza, ndipo akasema, "Wifi, hivi ile programu ya simu uliyonieleza, ya kutafuta marafiki wa kiume, bado ipo?"

Nilikuwa nakata sponji, na sponji ukiikata huku umeshtuka inakwenda upande. Niliweka kisu chini.

"Ipo. Kwani iende wapi?"

"Basi niwekee kwenye simu. Kabla sijabadili mawazo."

Huyu ni mke wa kaka yangu. Ningesema alikuwa mke wa kaka yangu, lakini ulimi wangu haujalizoea hilo "alikuwa". Kaka alifariki kwa maradhi ya figo, huu ni mwaka wa nne, akatuachia karakana ya makochi na wateja wasiopenda kusubiri. Tuliamua kuiendesha pamoja. Yeye alishika mbao, springi na misumari, mimi nikashika vitambaa na cherehani. Wateja wengi hudhani sisi ni watoto wa tumbo moja, kwa namna tunavyogombana.

Asubuhi ile walikuwa wamekuja wachumba kujaribu kochi lao kabla halijavikwa kitambaa. Walikaa, wakainuka, wakakaa tena. Binti akamnong'oneza mwenzake kitu, wakacheka mpaka wakaegemeana. Waliondoka bado wanacheka, na wifi akawasindikiza kwa macho hadi walipokata kona. Nadhani neno lilianzia hapo, likazunguka kichwani mwake mpaka mchana likatoka na misumari.

"Lakini nielewe vizuri," alisema. "Sitafuti mume. Mume nilikuwa naye, na unamjua. Nataka mtu wa kutoka naye mara moja moja, tuongee, nicheke, kisha kila mmoja arudi kwake. Kama yatazidi hapo, yazidi kwa kupenda kwetu wote wawili. Watu wa namna hiyo wamo humo?"

"Humo wamo wa kila namna," nikamwambia. "Ndiyo maana hutaingia peke yako."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitumia mwaka uliotangulia. Nilikutana na wanaume kadhaa, hakuna aliyenifaa, lakini pia hakuna aliyenidhuru, na hilo la pili halikuwa bahati tu. Nilijifunza kwamba kitu cha bure mlango wake hauna bawabu. Anaingia mwema, anaingia mwizi, anaingia na mume wa mtu aliyevua pete akaitia mfukoni. Bawabu ni wewe mwenyewe.

Tuliketi kwenye lile lile kochi lisilo na kitambaa, tukaanza. Picha ya kwanza aliyoichagua ilikuwa nzuri kweli, amesimama mbele ya karakana, mikono kiunoni. Nyuma yake kibao chetu kilisomeka chote, jina la mtaa na namba ya simu.

"Hii hapana," nikasema. "Hujamjua mtu, umeshampa ramani?"

Tukapiga nyingine, nyuma yake tukaning'iniza kitambaa cha bluu cha mteja. Jina lake halisi hatukuliweka. Alijiita Springi. Tulifungua barua pepe mpya ya kazi hiyo tu, na ile sehemu inayoonyesha uko umbali gani na mtu, tukaizima. Ilipofika sehemu ya kujieleza, mimi nilitaka tuandike maneno matamu kidogo, mwanamke mpole, mwenye moyo wa dhati, mambo kama hayo. Alininyang'anya simu.

"Mpole nani?" alisema, akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, polepole: *Nina miaka arobaini na moja. Ni mjane, ni fundi, nina kelele. Natafuta mtu mzima wa kutoka naye na kuongea naye, bila ahadi ya ndoa. Kama una mke, pita. Kama hupendi kuulizwa maswali, pita pia.*

"Utawafukuza wote," nikamwambia.

"Watakaobaki ndio ninaowataka."

Hawakukimbia wote. Kufika jioni simu ilikuwa inalia kama kuku aliyetaga. Wengine waliandika "mambo" wakaishia hapo, kama mtu aliyegonga mlango akajificha. Mmoja aliuliza kama ana gari. Mmoja alitaka kuokoa roho yake. Wifi alikuwa anausoma kila ujumbe kwa sauti huku akigonga misumari, nami nikawa nashona mishono ya ovyo kwa kucheka.

Kisha akaja Nahodha. Alisema ni nahodha wa meli ya mizigo, yuko likizo, na picha zake zilikuwa za kumfanya mtu aache chakula. Mabega, meno, shati jeupe. Siku ya pili tu alikuwa anamwita wifi malkia wake. Siku ya tatu alitaka wahamie nje ya programu, waandikiane kwa namba za simu, maana humo ndani, alisema, watu wanaingilia mapenzi ya watu.

"Mwambie mpigiane kwanza simu ya video," nikasema.

Nahodha alisikitika sana. Kamera ya simu yake ilikuwa imeharibika kwa maji ya chumvi.

Wifi alikuwa anakaza springi kwa kamba. Akainua uso. "Kamera imekufa, lakini picha anatuma asubuhi, mchana na jioni. Anachorwa?"

Hata hivyo hakuacha kuandikiana naye, na mimi nikaanza kupata wasiwasi. Niliona anavyoangalia simu ikinyamaza. Mtu aliyekaa na kiu muda mrefu hachunguzi kikombe. Nilichukua ile picha ya shati jeupe nikaitafuta mtandaoni, picha kwa picha. Nilimpata Nahodha, tena haraka. Alikuwa kwenye tangazo la magodoro, katika nchi ambayo hata lugha yake sikuitambua. Amelala upande, anatabasamu vilevile.

Nilimwonyesha wifi. Aliitazama kwa muda mrefu. Usiku wa kuamkia siku hiyo Nahodha alikuwa amemwomba picha zake "za siri", na wifi alikuwa amemwambia asubiri kwanza, atafikiria. Hilo aliniambia hapo hapo, macho yako kwenye godoro.

"Hukutuma?"

"Sikutuma. Lakini nilifikiria, wifi. Nilifikiria kweli."

"Kufikiria si kosa. Tuma hii sasa." Nikamwonyesha kile kitufe cha kutoa taarifa kwa wenye programu, tukaandika kwamba mtu huyu anatumia sura ya kuiba, kisha tukamfungia asiweze kumwandikia tena. Wifi hakuigusa programu kwa siku kadhaa. Alifanya kazi kimya, na karakana yetu ikiwa kimya haipendezi.

Aliporudi, alirudi na akili nyingine. Alikutana na mtu wa kweli, mhasibu, kwenye mgahawa mdogo wa kahawa uliopo chini ya jengo la maduka, mchana, Jumamosi, watu wamejaa. Mimi nilikaa meza ya pili, nikijifanya nasoma. Tulikuwa tumekubaliana ishara: akiuweka mkoba wake juu ya meza, mimi nampigia simu kwamba kuna dharura. Mhasibu hakuwa mbaya. Alisimulia tu habari za mke aliyeachana naye tangu kahawa inaletwa hadi vikombe vinaondolewa. Kasoro ilijitokeza wakati wa kuagana. Alitaka kumrudisha nyumbani kwa gari lake.

"Asante, nina usafiri wangu," wifi alimwambia.

"Nitakufikisha mpaka mlangoni. Unaniogopa?"

"Sikuogopi. Nimesema nina usafiri."

Alikasirika, akasema wanawake wa siku hizi hawajui wema, akaondoka bila kwaheri. Wifi alinifuata pale mezani, akakaa, akavua viatu chini ya meza.

"Afadhali amekasirikia hapa," alisema. "Angenikasirikia ndani ya gari ingekuwaje?"

Baada ya hapo ndipo alipotokea Mwalimu.

Picha yake haikuwa ya kumwachisha mtu chakula. Alikuwa mwanaume wa kawaida, upara umeanza, amesimama kando ya gari dogo lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva. Alikuwa ameandika: *Nina subira. Nimewafundisha wengi kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Mimi mwenyewe bado najifunza kwenda mbele.* Wifi alilisoma hilo mara mbili, mara ya pili kwa ndani.

Waliandikiana majuma kadhaa. Alimwuliza maswali yote, na yule bwana akajibu yote. Aliachana na mke zamani, hawakuwa na watoto, anaishi peke yake, anapika vibaya. Ilipofika habari ya simu ya video, wifi alikuwa anajiandaa kuiomba, akakuta ameombwa yeye.

"Samahani dada," mtu yule aliandika, "sitaki kukukosea heshima, lakini naomba tuonane kwa video kabla ya lolote. Niliwahi kudanganywa vibaya."

Wifi alinigeuzia simu. "Anadhani mimi tapeli."

"Mpigie umtoe wasiwasi."

Alipiga. Nilisikia sauti ya mwanaume, nzito kidogo, inasitasita. Ilimwomba, kwa adabu zote, ainue mkono na kuonyesha vidole vitatu, ili ajue si video ya kurekodi. Wifi alifura. Kisha akainua vidole vitatu, na nyundo imo humo humo mkononi.

"Umeridhika? Sasa na wewe inua. Shika na sikio."

Yule bwana akashika sikio. Wakatazamana hivyo, mmoja na nyundo, mmoja na sikio, ndipo wifi akaanza kucheka. Ule ulikuwa mcheko wake wenyewe, unaoanzia tumboni na kumalizikia kwa kukohoa. Niliinama kwenye cherehani nikajifanya uzi umekatika.

Jumamosi waliyopanga, mgahawa ulikuwa umefurika. Wifi alitangulia, mimi nikaingia nyuma yake kama mtu asiyemjua. Mwalimu alikuwa keshafika, amekaa karibu na dirisha, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Meza ya pili yake, ile niliyoitaka, alikuwa amekaa mama mmoja mnene, miwani ya jua ndani ya nyumba, ameshika gazeti. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, mbele yake.

"Kuna mtu hapa?" nikauliza.

Alinitazama juu ya miwani. "Kaa. Lakini usinizibe."

Nikakaa. Nilisogeza kiti kidogo nipate kumwona wifi. Yule mama naye akasogeza cha kwake. Nikasogea tena. Akaniambia, "Dada, nimesema usinizibe," na wakati huo nikagundua kwamba gazeti lake lilikuwa limefunguliwa kurasa za matangazo ya vifo na halikuwa limegeuzwa tangu nifike.

"Unamtazama nani?" nikamwuliza.

"Wewe unamtazama nani?"

Muda huo huo, kule dirishani, wifi akauchukua mkoba wake akauweka juu ya meza.

Nilisimama kwa kasi hadi kiti kikaanguka. Yule mama, bila kujua kuna nini, naye akasimama, gazeti huku, miwani kule. Tulifika kwenye ile meza kwa pamoja, mimi nimeshika simu kama rungu, yeye amekunja ngumi. Wifi alitutazama, mkono mmoja umo ndani ya mkoba.

"Natafuta leso," alisema. "Amenichekesha mpaka machozi."

Mwalimu alifumba macho. "Dada," alimwambia yule mama, "tulikubaliana ukae."

Kumbe alikuwa dada yake mkubwa, nesi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Na kumbe si sisi peke yetu tuliokuja na mlinzi. Watu wa meza za jirani walikuwa wanatuangalia kama mchezo wa bure. Tuliomba radhi, tukaokota kiti, mimi na Nesi tukarudi mezani kwetu na heshima iliyobaki.

"Mkoba ulikuwa ishara?" aliniuliza, akiwa bado anahema.

"Ndiyo. Na ninyi?"

"Yeye anakuna upara. Lakini ana tabia ya kuukuna tu, kwa hiyo nimekuwa roho juu tangu tuingie."

Tukaagiza kahawa. Mtu mliyeaibika naye pamoja anakuwa si mgeni tena. Alinisimulia yaliyompata ndugu yake. Mwanamke wa kwenye programu, sauti tamu, alimwalika chumba fulani cha kulala wageni, jioni. Hakuwa amemwona hata kwa video. Alipogonga mlango, ulifunguliwa na wanaume. Walimpiga, wakachukua simu na saa, wakamvua mpaka viatu. Alirudi nyumbani peku, na aibu ikamzuia kusema kwa siku nyingi.

"Watu wanadhani ni wanawake tu wanaoingizwa mtegoni," Nesi alisema. "Nilipomwona mguu wake nikajua. Ungeuona ulivyochanika. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Nilimwambia, ukitaka kutoka tena, toka, usijizike. Lakini mchana, penye watu, na mimi nipo." Alichovya keki kwenye kahawa. "Na yule wako? Ni dada yako?"

"Ni wifi yangu."

"Umeolewa na kaka yake?"

"Yeye aliolewa na kaka yangu."

Aliacha kutafuna. Alimtazama wifi, akanitazama mimi. Sikutaka aniulize, na alijua sitaki, lakini alikuwa nesi, na manesi huuliza.

"Kaka yuko wapi?"

"Alifariki."

Kule dirishani wifi akacheka tena. Mwalimu alikuwa anaeleza jambo kwa mikono miwili, anazungusha usukani usiokuwepo, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kutafuta breki. Wifi aliegemea nyuma, kichwa kimetupwa, akakohoa. Kwa kaka alikuwa akicheka vile vile. Mezani, baada ya kazi, vumbi la mbao kwenye nywele zao wote wawili.

Mimi ndiye niliyemwekea programu. Mimi ndiye niliyemfukuza Nahodha. Nilikuwa nimelitaka hili kwa moyo wangu wote, na lilipokuja likanichoma mahali ambapo sikujua pamebaki na kidonda. Nilijaribu kunywa kahawa, haikupita.

Nesi aliweka kikombe chake chini.

"Nenda huko nyuma ukalie kidogo," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekuelekeza duka. "Mimi nitawaangalia wote wawili."

Nikaenda. Nililia kwenye choo cha mgahawa, maji ya bomba yakiwa wazi. Niliporudi nilikuta ameniagizia kahawa nyingine na amenilindia keki yangu, ingawa ilikuwa imepungua pembe moja.

Wifi alirudi kwa usafiri wake, mimi kwa wangu, kama tulivyopanga. Alinipigia alipofika. Sauti yake ilikuwa nyepesi, na mimi nikaitikia kila alichosema. Lakini huyu mtu nimefanya naye kazi chumba kimoja miaka yote, hadanganyiki na kuitikia kwangu. Siku ya kazi alipofika karakana hakushika nyundo. Alivuta kigoda akakaa mbele ya cherehani yangu.

"Nesi amemwambia ndugu yake, na ndugu yake ameniambia mimi. Ulilia."

"Nesi hana siri."

"Nataka unijibu kitu kimoja. Ukisema niache, naacha leo. Sitakununia."

Nilikuwa na kipande cha kitambaa chini ya sindano. Nikakishona mpaka mwisho, maana mshono ukikatizwa katikati unaonekana. Kisha nikazima mashine.

"Usiache," nikasema. "Nililia kwa sababu umecheka vile. Nilidhani mcheko ule ulikwenda naye. Kumbe ulikuwa wako."

Aliangalia mikono yake. Ana makovu ya springi kwenye kila kidole. "Mimi naogopa kingine," alisema. "Siku nikiwa na mtu, hata wa Jumamosi tu, mimi nitakuwa nani kwako? Sitakuwa na sababu ya kuitwa wifi."

"Nani amekuambia jina hilo lina tarehe ya kuisha?"

"Sijui. Nimeuliza."

"Basi nimejibu. Wewe ni wifi yangu, hata ukiolewa na nahodha wa magodoro. Sasa inuka, kochi la watu linasubiri, na miguu yake umeiweka kimo tofauti."

"Ni sakafu iliyopinda."

"Sakafu haijapinda."

Tukagombana juu ya sakafu mpaka mchana, na karakana ikapata sauti yake.

Waliendelea kuonana. Jumamosi moja kahawa, nyingine kutembea bustanini, siku moja akamfundisha kuegesha gari, na wifi akagonga pipa la taka. Mimi na Nesi tuliendelea kukaa meza ya pili kwa muda, kisha ikawa tunaongea hata hatuwaangalii, kisha tukagundua kwamba wao ndio wanaotuangalia sisi. Nesi ndiye aliyelitamka jambo ambalo wote tulikuwa tunalizunguka. Alisimama mbele ya meza yao, mkoba begani, akasema kwa ile sauti yake ya wodini:

"Ninyi ni watu wazima, sitawauliza mambo yenu. Lakini kabla hamjafika mbali, mkapime wote wawili, siku moja, mkono kwa mkono. Na hata mkishapima, kondomu mtumie. Mkinuna, nuneni. Mimi nimeshasema."

Mwalimu alikuna upara. Wifi alicheka. Lakini walikwenda. Aliniambia baadaye kwamba katika safari zao zote, ile ya kliniki ndiyo aliyoipenda kuliko nyingine. Walikaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa kupewa majibu, pamba zimebanwa mikononi, na yule bwana, ambaye huwa na neno la kuchekesha kila wakati, alinyamaza kimya. Wifi akamwuliza anaogopa nini. Akamjibu, "Naogopa kwamba ninafurahi." Majibu ya wote wawili yalikuwa mazuri. Siku hiyo ndipo walipoambiana majina yao kamili, yale ya kwenye vitambulisho, na wakayacheka.

Ndoa hawajaitaja. Yeye ana nyumba yake, wifi ana yake. Akienda kwake, ananitumia mahali alipo kwenye simu, na akirudi ananiandikia neno moja, "Ndani." Nilimwambia hana haja tena. Akaniambia mkanda wa gari haufungwi kwa sababu hujamwamini dereva. Hilo najua alilitoa wapi.

Miezi ilikwenda hivyo. Karakana wifi hakuwahi kumwonyesha Mwalimu. Alijua ni fundi, alijua ni makochi, lakini mtaa hakumwambia, na yule bwana hakuuliza hata mara moja. Nadhani kutouliza huko ndiko kulikomfikisha. Asubuhi moja niliona gari dogo lenye kibao juu ya paa linaegeshwa mbele yetu, polepole, sawasawa na ukingo wa barabara. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, aproni imejaa vumbi.

"Nimemwelekeza mimi," aliniambia kabla sijafungua mdomo.

Mwalimu alishuka, akauacha mlango wazi, na kwa msaada wa spana akakitoa kiti cha dereva. Alikibeba kifuani mpaka ndani. Kilikuwa kimebonyea katikati, sponji inachungulia pembeni.

"Wanafunzi wangu wanakikalia kwa hofu," alisema. "Hofu ni nzito."

Wifi alikipindua, akakikagua, akamwambia kama anavyomwambia mteja yeyote kwamba kuna kazi mbele yake na lazima asubiri zamu. Akakubali. Akavuta kigoda. Ndipo macho yake yakapanda ukutani, juu ya meza ya kukatia, ambako tumetundika picha ya kaka. Amepigwa picha akiwa amekaa kwenye kochi la kwanza alilolitengeneza, na kochi hilo limelala upande mmoja.

Wifi aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Mimi pia.

"Ndiye?" Mwalimu akauliza.

"Ndiye," wifi akasema.

Aliitazama kwa adabu, bila haraka, mikono kwenye magoti. "Hilo kochi," alisema mwishowe, "limepinda, au ni macho yangu?"

Kisha mimi ndiye niliyeanza kucheka, na nikavuta kigoda changu karibu. "Subiri nikusimulie habari za kochi hilo," nikamwambia. "Kaka alikataa mpaka mwisho kwamba limepinda. Alisema ni sakafu."